Kiti cha Bibi Kwenye Treni ya Haraka

Ile siku tuliyomsindikiza bibi yako uwanja wa ndege naikumbuka vizuri kuliko siku yangu ya harusi, mwanangu Salma. Wewe ulikuwa unaota meno, unatafuna kila kitu pamoja na ushungi wangu. Sasa umekua, Kiswahili unakisikia lakini unanijibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nakuandikia. Ukiwa mkubwa utasoma, na neno likikushinda utauliza. Usimuulize ami yako Haroub.

Bibi yako, mama yake baba yako, alikuja hapa Uingereza, kwetu Sparkhill, ulipozaliwa. Alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akakuogesha wewe kila asubuhi huku akikuimbia. Akakaa nasi mpaka ukaweza kukaa bila kuegemezwa mito. Mimi mama mkwe nilikuwa namwogopa kabla hajaja. Alipokuja nilipumzika.

Ikaja habari kutoka Unguja kwamba shangazi yako Zuhura, kitinda mimba wake, anaolewa Ijumaa. Basi ikabidi arudi, na ndege ikawa inaondoka hapa hapa Birmingham, mchana. Akiikosa hiyo, binti yake anaozwa mama hayupo. Hilo tulilijua wote.

Kuna lingine nililijua mimi peke yangu. Siku zile za mwisho nyumba ilikuwa haina nafasi. Kila saa mlango unagongwa, mtu kaleta kifurushi chake apelekewe ndugu zake, na kila kifurushi kina maelezo marefu. Bibi yako akaniambia jikoni, kwa sauti ndogo, kwamba hapa hawezi kukuaga. Atakupakata kwenye treni, njia nzima, akusomee dua yake taratibu. Alisema anataka ukariri harufu yake. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa sikiliza habari ya treni. Kutoka stesheni kubwa ya mjini mpaka uwanja wa ndege zipo za aina mbili. Iko ya haraka, inapita pale ikielekea London, ina behewa la daraja la kwanza lenye viti vipana na vitaa vya mezani. Na iko ya kawaida, inasimama kila kistesheni. Ile ya haraka ukikaa ukaagiza chai, utashuka chai bado ya moto. Ya kawaida huchukua dakika chache zaidi, hiyo ndiyo tofauti yenyewe.

Mimi nikasema tupande ya kawaida, sote, behewa moja. Ami yako Haroub akasema haiwezekani, mama yake hawezi kukaa na watu wenye baiskeli na mbwa kama mtu asiye na watoto. Akamkatia tiketi ya daraja la kwanza, moja, ya mama tu. Sisi wasindikizaji tukakatiwa za bei ya chini, na hizo zilikuwa haziruhusu kupanda treni ya haraka hata kwa kusimama. Nikamtazama baba yako. Baba yako akatazama viatu vyake, maana kaka mkubwa alikuwa ameshasema.

Haroub aliita hiyo heshima. Nami nakwambia ilikuwa video. Alitaka picha ya mama kwenye kiti kipana, kikombe mkononi, iende kwenye grupu la familia, ili Unguja nzima ione mama yao anavyosafirishwa na wanawe.

Na video akaipata. Treni ilipofika, alipanda naye, akamkalisha, akamwambia ashuke kituo cha kwanza, akarekodi, akashuka mbio. Mimi nilikuwa mlangoni na mkoba wa bibi yako. Unajua sisi mzee hashiki kitu safarini, mkwe ndiye hubeba mkoba wake, naye hutembea mikono mitupu. Ndani ya mkoba ule ilikuwamo pasipoti yake, simu yake na vidonge vyake vya presha. Nikataka kumpa.

"Shemeji, mama akashike mzigo mbele za watu?" Haroub akaniambia. "Kaa nao wewe. Tunamkuta pale pale."

Milango ikafungwa. Nilimwona bibi yako dirishani anatutafuta kwa macho, upande ambao hatupo.

Tukakimbilia treni yetu, na kigari chako, na masanduku, na vifurushi vya watu. Tukaondoka nyuma yake kidogo tu. Haroub alikuwa na furaha, anatuma video, anasoma majibu kwa sauti. Mashaallah hii, mashaallah ile. Halafu treni ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya njia, pasipo na stesheni. Sauti ikatuomba radhi, kuna taa nyekundu mbele.

Hapo simu ya bibi yako ikaanza kulia ndani ya mkoba niliokuwa nimeupakata. Alikuwa Zuhura. Ameiona video, anataka kumsikia mama yake.

Haroub akanigeukia. "Simu ya mama unayo wewe?"

"Na pasipoti," nikamwambia. "Na dawa. Na huko aliko hajui Kiingereza ila 'thank you'."

Hakuna aliyesoma majibu tena. Baba yako alisimama akaenda mpaka mlangoni, kana kwamba angeweza kuisukuma treni. Nami hasira zilinipanda, mwanangu, nikaukaza mkoba kifuani. Wewe ukalala. Tukakaa pale mpaka nikaanza kuwaza Ijumaa, Zuhura amepakwa hina, anaulizwa mama yuko wapi.

Tulipofika, bibi yako alikuwa ameketi kwenye benchi la chuma, upepo unampiga. Pembeni yake alikaa mzee Kalasinga wa kilemba, mzaliwa wa Kisumu, aliyekuja kumpokea dada yake. Alimsikia bibi yako akisoma dua kwa sauti, akasikia na Kiswahili katikati, akakaa naye.

"Nimemwambia tuingie ndani kuna joto, akakataa," mzee akatueleza. "Amesema akitoka hapa watoto wake watapotea. Nyinyi ndio mtapotea, si yeye."

Haroub kwa aibu akauliza lile lile alilokuwa nalo kichwani tangu asubuhi. "Mama, kiti kilikuwaje?"

Bibi yako akamtazama kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma.

"Kiti kizuri, mwanangu. Nikageuka nimwambie mtu kwamba ni kizuri, sikuona mtu."

Basi. Muda haukuwapo. Tukakimbia. Kwenye kaunta walikuwa wanafunga, baba yako akawasihi, wakampokea. Wakamwekea kiti cha magurudumu, kijana wa kazi akaanza kumsukuma kwa kasi kuelekea kwenye ukaguzi, nami nakimbia kandoni nimekubeba. Alinyoosha mkono akushike. Aliupata mguu wako, ukamponyoka, soksi ikachomoka, ikabaki mkononi mwake. Kisha wakapita pale tusipoweza kupita.

Harusi aliiwahi. Soksi anayo mpaka leo. Lakini magoti yamemkatalia safari, hawezi kuja tena, na dua anapojaribu kukusomea kwa simu mtandao unakatika.

Kwa nini nakuandikia leo? Kwa sababu Jumamosi bibi yako wa pili, mama yangu mimi, aliyekuja kututembelea, anaondoka kurudi kwao. Na jana usiku ami yako ameweka kwenye grupu picha ya viti vile vile, akauliza kama tumkatie na yeye. Mimi hasira zangu hazijaisha na sina haraka ya kuzimaliza. Nimemjibu hivi: ya kawaida, sote, behewa moja, na pasipoti anashika mwenyewe. Baba yako, safari hii, amejibu wa kwanza chini yangu: "Sawasawa."

Basi, mwanangu, nisikilize. Ukiwa peke yako na una haraka, panda unayoitaka, viti vipana si dhambi. Lakini ukimsindikiza mtu, usimchagulie treni kwa jinsi itakavyoonekana. Chagua ile utakayokaa ubavuni mwake. Usimnyang'anye mzee mkoba wake ukaita heshima. Na mkubwa akisema jambo lisilo na akili, usitazame viatu. Sema, kwa adabu, lakini sema kabla milango haijafungwa.

Dua ambayo bibi yako hakupata kukusomea, nakuombea mimi, kwa maneno yangu machache. Mungu akupe safari za kheri na watu wa kukaa nawe. Kila unapofika, Mungu akukutanishe na mtu aliyekataa kuondoka mpaka akuone. Amin. Na soksi yako nyingine nimekuwekea.