Flashi Walioiita ya Virusi Ndiyo Wanayoitaka Leo

Admin, jina langu lifiche, ila wenye duka wakijisoma humu wakajijua, shauri yao. Nina miaka thelathini na mmoja, mama wa mtoto mmoja, mzaliwa wa Mabamba huku Kibondo. Babu yangu alitoka Burundi, sisi ni Watanzania na vitambulisho tunavyo. Nalisema mapema kwa sababu litakuja.

Miaka tisa nimefanya kazi Kasulu, kwenye duka la sweta za shule. Bosi wangu ni mama mmoja wa pwani, nimwite Hajati. Kazi yangu ilikuwa nembo: nachora nembo ya shule kwenye kompyuta, kisha mashine ya kudarizi inaishona kifuani. Nembo moja hunila siku mbili, tatu. Twiga wa shule moja ya Busunzu nilimrudia mara sita, shingo inatoka kama bomba la maji. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nilikuwa nabonyeza tu.

Desemba, msimu wenyewe wa sweta, akaja mpwa wa Hajati kutoka Dar. Nimwite Mtaalamu. Siku ya kwanza tu kaiangalia kompyuta yetu kacheka. "Dada, hii programu ya enzi za mababu! Leo tunaweka toleo jipya."

Nikamwambia kwa adabu, "Kaka, jipya weka, lakini la zamani usilitoe. Yakae yote mawili mpaka tuone mashine inalikubali jipya. Na nembo zetu ziko ndani ya folda ya programu hiyohiyo, fundi wa kwanza ndivyo alivyotufundisha. Tuzihamishe kwanza."

"Wewe shona, haya niachie mimi."

Jamani, yule mtu hasomi! Kila kidirisha kikitokea, yeye anakubali tu. Kikaja kimoja kinauliza kama toleo la zamani liondolewe pamoja na vyote vilivyomo. Nikapiga kelele, "Subiri, soma hapo!" Keshabonyeza. Toleo jipya likaingia, linang'aa kweli, lakini nembo za shule zaidi ya arobaini, hakuna hata moja.

Hajati alipouliza, Mtaalamu hakupepesa jicho. Akanyooshea kidole flashi yangu, ambayo huwa naivaa shingoni na kamba. "Huyu anachomeka hiyo flashi yake kila siku. Kaleta virusi." Duka limejaa wazazi. Na Hajati, niliyemtumikia miaka tisa, akapaza sauti wote wasikie: "Ndiyo shida ya kuchukua watu wa mpakani. Kusanya vitu vyako, rudi kwenu!"

Nikakusanya. Pale sikulia ng'o. Nililia stendi, tena kwa hasira.

Sasa sikieni. Nembo zote zimo kwenye flashi hiyohiyo. Umeme ulikuwa unakatika ovyo, nikajizoeza kila Ijumaa duka likifungwa kwa swala, nanakili kila nilichochora. Hata faili la kuinstoli toleo la zamani ninalo. Siku ile nilifungua mdomo nimwambie Hajati, lile neno la "rudi kwenu" likanitia hasira, nikaondoka na flashi yangu shingoni. Mkitaka kunihukumu hapo, hukumuni.

Wiki iliyopita Hajati kafunga safari mpaka Mabamba, na doti ya kanga na sukari. Shule zimefunguliwa, walimu wamemjia juu, Mtaalamu hajaweza kuchora hata nembo moja. Na mama yangu, kwa roho yake nzuri, alishamwambia kwenye simu kwamba flashi ninayo. Nikampa shikamoo yake, nikakaa.

"Mwanangu, nilipitiwa," akasema. "Nipe hiyo flashi, urudi kazini. Ya nyumbani yaishie nyumbani."

"Hajati, hayakuanzia nyumbani. Yalianzia dukani, mbele za watu. Useme palepale, duka limejaa, kwamba siyo mimi niliyepoteza nembo. Na mpwa wako awepo."

Akasema hawezi kumwaibisha mtoto wa dada yake. Eti! Mimi sikuwa mtoto wa mtu?

Mama akanivuta jikoni. "Mwana wanje, mwanangu, mpe. Watoto wa watu watavaa nini?" Hapo ndipo aliponipata, maana watoto hawajanikosea kitu. Mtoto wa dada yangu anasoma Busunzu, karudishwa getini mara mbili kwa sababu sweta yake haina twiga. Twiga wangu mwenyewe!

Hajati aliondoka bila flashi. Nimemwambia Jumamosi saa nne nitakuwa mlangoni kwake, wateja wakiwa wamejaa. Akisema, nachomeka palepale, narudisha toleo la zamani, na sweta zinaanza kutoka siku hiyohiyo.

Kuhusu kusamehe msinichoshe, kusamehe nitasamehe, lakini jina langu silitupi. Nishaurini hili moja tu, nyie mliowahi kusingiziwa mbele za watu: Hajati akinitazama akanyamaza, nichomeke flashi kwa ajili ya wale watoto, au nigeuke nirudi Mabamba na twiga wangu shingoni?