Nyumba Tisa Chini ya Transfoma

Siku transfoma mpya ilipowashwa, mtaa ulijaa vicheko. Taa zilizozoea kusinzia kila jioni ziling'aa, pasi zikapata moto, friji zikaacha kukohoa. Fundi umeme peke yake hakucheka. Alisimama chini ya nguzo, akazifuata kwa macho nyaya mpya, fupi na nene, zilizoingia nyumbani kwa wifi yake.

Fundi huyu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye kutembea na bisibisi nyuma ya sikio kama karani na kalamu yake. Miaka ishirini na miwili alikuwa amefunga umeme katika nyumba za watu, na fahari yake ilikuwa moja tu: hajawahi kuitwa kurudi. Kwake kazi nzuri ni ile uliyoimaliza ukaisahau.

Kesho yake asubuhi alibisha kwa wifi, mke wa kaka yake, mshonaji ambaye chumba chake cha mbele kilijaa sare za shule mpaka dirishani.

"Nimekuja kusafisha sanduku la umeme," alisema.

"Kusafisha?" Wifi alitoa mguu kwenye cherehani. "Wewe ambaye sufuria zako hulala kwenye maji siku tatu? Sema kilichokuleta."

Fundi alicheka. Alifungua sanduku ukutani, akaunganisha kipimo chake, akabonyeza. Akabonyeza tena. Kipimo kile huonyesha umeme utakaopita siku waya mbili zitakapogusana kwa bahati mbaya. Miaka kumi na mmoja iliyopita, siku alipomaliza kuifungia umeme nyumba hii, kilisoma ampea mia nane. Leo kilisoma elfu tano na mia mbili. Na usoni mwa kila breka, swichi ya kukata umeme ukizidi, aliyoifunga kwa mikono yake, kiwandani walikuwa wamechapa: 3000.

"Mbona umekunja uso kama uliyelamba shubiri?"

"Wifi, zamani umeme ulitoka mbali. Nyaya ndefu na nyembamba ziliuchosha njiani. Sasa unatoka hapo dirishani, una nguvu zake zote. Shoti ikitokea leo, utakuja kwa kishindo. Breka hizi zinaweza kukata ampea elfu tatu. Zikipigwa na elfu tano, huenda zikapasuka kabla ya kukata."

"Zikipasuka?"

"Moto."

Wifi alitazama marobota ya vitambaa yaliyopangwa chini ya sanduku. Utani ulimtoka usoni.

"Aliyezifunga ni nani?"

"Mimi."

"Ulikosea?"

"Siku ile hapana. Zilitosha, zikabaki. Ila transfoma ilipoletwa nilipaswa kurudi kuzibadilisha kabla hawajawasha."

"Sasa hiyo kusafisha ilitoka wapi?"

Fundi aliinama juu ya mkoba wake, akajifanya anatafuta koleo lililokuwa mkononi. "Nilitaka nikubadilishie kimya kimya, yaishe."

"Mimi tu? Na mwalimu hapo mkabala? Katika mtaa huu umefunga umeme nyumba ngapi?"

"Tisa."

"Kwa hiyo mimi nipone kwa sababu nimeolewa na kaka yako, wale wanane waungue?"

"Watasema niliwafungia takataka, wifi."

"Watasema. Tena mimi ndiye nitakayeanza, si unanijua mdomo? Lakini watasema wakiwa hai."

Wapo wenye vyeo vizito kuliko bisibisi ambao wangelimeza jambo hili na kuzikwa nalo. Huzindua mitambo kwa makofi, wakapigwa picha, wakaondoka, na hakuna anayeuliza kama ukuta wa mnyonge utauhimili ukubwa wa zawadi. Fundi naye alikaribia kuwa mmoja wao, asubuhi ile, kwa kulilinda jina lake.

Alizima swichi kuu. Cherehani ikanyamaza. Wifi akahamia mlangoni kwenye mwanga, akawa anatia vifungo kwa mkono, huku fundi akitoa breka za zamani moja moja na kufunga nyingine zilizochapwa 10000. Alipowasha na kupima tena kila kitu, wifi alijifunga kanga kiunoni.

"Twende kwa mwalimu."

Mwalimu mstaafu alifungua mlango nusu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo umekuja bila kuitwa?"

Fundi alitoa bisibisi nyuma ya sikio. "Kazi niliyokufanyia ilikuwa sawa siku ile. Tangu transfoma iletwe, haitoshi tena, na ni hatari. Ningekuja mapema zaidi. Naomba nikubadilishie."

Mwalimu alimtazama kama anayesoma karatasi ya mwanafunzi mara ya pili. Kisha akaufungua mlango wote, akaita ndani wazime redio.

Jirani aliyekuwa akipiga pasi barazani alikuwa amesikia kila neno. "Haya tena! Fundi wetu kafeli mtihani wake mwenyewe!"

Wifi alifungua mdomo amjibu, lakini fundi alimshika mkono.

"Nimefeli," alisema, sauti yake ikifika barabarani. "Na nyumba yako ni ya tatu. Zima hiyo pasi, nakuja."