Pepo Aliyenirudishia Vidonge

Usiniambie niliota. Nilikuwa macho, jua limenisimama utosini, na nyayo zinaniungua kwa mawe ya magofu ya Pujini. Nimeshawasimulia wengi, na anayecheka namwacha acheke. Yalinikuta mie mwenyewe, miaka michache kabla ya Mapinduzi, na hasira zake ninazo mpaka leo.

Mwanangu wa kwanza alikufa kwa surua, hajatimiza mwaka. Baada ya hitima, moyo wangu ukaanza vituko. Nimekaa napepeta mchele, mara unapiga mbio, pumzi haiji, mikono inatetemeka. Mara ngapi nilimkimbilia jirani, "Nishike, nakufa!", na sifi! Mume wangu, Mungu amrehemu, akanipeleka spitali ya Chake. Daktari alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema huu ni wasiwasi uliogeuka maradhi, na una dawa. Akanipa kikopo cha vidonge vidogo vyeupe, akanionya nisiviache ghafla, naweza kuanguka kifafa. Nikameza. Wallahi, wiki ya pili nililala usiku kucha, nikaamka na njaa.

Sasa msikilize shangazi yangu, Bi Mize, dada wa baba, aliyejifanya mkuu wa nyumba kila mume wangu akienda kuchuma karafuu Wete.

"Unakula dawa za spitali na pepo unaye kichwani?" akanambia. Hakungoja jibu. Akaleta mganga, nikafunikwa shuka, nikafukizwa ubani, ngoma ikapigwa. Pepo akipanda husema kwa kinywa cha mgonjwa anachokitaka: pete, kanga, marashi. Mie nilinyamaza, maana sikuwa na mtu kichwani wa kusema. Mganga alipoona kimya kimezidi, akamsemea: kuna kitu humu ndani pepo anakitamani. Shangazi akawaza, akapiga kofi. "Vidonge! Anavionea choyo vile vidonge!"

Unausikia ujinga huo? Kikopo changu kikatiwa kwenye chano, lile sinia la mti la sadaka ya pepo, pamoja na halwa na mayai matatu, kikapelekwa magofuni, wanakosema ndiko akaako pepo, alfajiri nami nimelala.

Nilipoamka nikauliza, "Shangazi, kikopo changu ki wapi?"

"Kishakwenda kwa mwenyewe. Ukikifuata atakuua."

Nikaomba nikachukue vingine spitali. Hapana! Mganga kasema nisivuke kizingiti siku saba, na mlango ukatiwa komeo. Siku ya tatu sikuweza kushika kikombe cha chai, na mwili ukaanza kustuka wenyewe. Nikakumbuka kifafa. Nilijua nikingoja siku ya saba nitakufa pale mkekani, na watasema pepo kaniua. Adhuhuri, shangazi kasujudu, nikafungua komeo nikatoka miguu mitupu.

Magofuni kuna ngazi za mawe zinazoshuka shimoni, na njia ni hiyo hiyo moja. Nilipofika ngazi ya mwisho nikaona chano, na nyuma yake mwanamke mnene kaketi, anakula halwa. Niliamini ni mtu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye weye mgonjwa?" Akainua kikopo changu. "Hivi vyako?"

"Vyangu."

"Sasa nnapewa vya nini? Nnaumwa mie?" Alikuwa na hasira, niamini, hasira kuliko zangu. "Mwanao kafa, moyo wakupiga, mie nnaingiaje hapo? Kila mwanamke akitetemeka, jina langu! Ngoma siku saba, hata kulala silali! Chukua dawa yako umeze, uniondolee zogo."

Akaniwekea kikopo miguuni. Nikainama kukiokota, nikainua uso, hayupo. Kapita wapi, nami nimeziba ngazi? Halwa imekwisha. Mayai yapo, mazima, hayana ufa, lakini nilipoyashika yalikuwa mepesi, hayana kitu ndani. Hebu nieleze, nani anakula yai asivunje ganda? Nilimeza kidonge pale pale kwa mate, nikayatia mayai kwenye pindo la kanga, nikapanda mbio.

Nyumbani niliwakuta shangazi na mganga wamesimama mlangoni. Nikayaweka mayai mbele yao. "Pepo wenu keshakula. Dawa kanirudishia, na kasema mmemchosha." Mganga akapasua moja, akalichungulia, akapasua la pili. La tatu hakuligusa. Akatwaa ngoma yake akaondoka bila ya kuaga.

Niliendelea na vidonge zaidi ya mwaka, daktari akivipunguza kidogo kidogo mpaka vikaisha. Lakini udhia haukwisha. Habari zilienea kwamba dawa yangu imeshikwa na pepo, basi wanawake wakawa wanakuja, kutoka Chokocho mpaka Madungu, "Nigaie kimoja." Nikiwaambia nendeni spitali, naitwa mchoyo.

Siku moja akaja shangazi kwa mlango wa uani, kajigubika buibui, midomo inamcheza. "Nigaie kimoja, mwanangu. Moyo unanipiga tangu ujana wangu, sijamwambia mtu."

Tangu ujana wake! Na alijua, na bado alinifungia! Nilimwambia dawa ya mtu haigaiwi. Nikamshika mkono nikampeleka kwa daktari, na njia nzima nilikuwa namgombeza, naye analia, wala sikunyamaza.

Basi weye mwenye mgonjwa ndani, ukimwona anatetemeka mpeleke akatibiwe, na dawa yake usiiguse. Watu hunihofia kwa kukutana na pepo. Pepo hakunifanya kitu. Aliyenitilia komeo alikuwa damu yangu, na alikuwa akiniombea dua huku analitia.