Namba za Kessinger

Nimehudumia ndege ndefu za utafiti hapa jangwani Mojave miaka ishirini na sita, na sijaona watu waliochukiana kama Tad Ostrander na Lyle Kessinger. Wote marubani, wote vichwa vigumu, na kazi yenyewe haimruhusu mmoja kutua bila mwenzake.

Ndege hizi zina kisirani. Mabawa ni marefu kupita kiasi. Kule juu, ambako hewa imekwisha na anga ni nyeusi, ukipunguza mwendo kidogo inaporomoka, ukiongeza kidogo inavunjika. Ikirudi chini haitaki kutua, na magurudumu yake yamefuatana kama ya baiskeli. Rubani, kichwa kimo ndani ya ile helmeti kubwa, haoni ardhi iliyo chini yake. Kwa hiyo mwenzake anamkimbiza kwa gari kwa nyuma, anamsomea redioni futi zilizobaki kufika chini, mpaka mbili. Hapo rubani anaiachia ndege ianguke.

Mwezi Machi, Tad akitua, Lyle alisoma mbili, kumbe ni nane. Ndege ikajibwaga, ncha ya bawa ikakwaruza lami. Lyle akala kiapo kwamba alisoma nane, na siku hiyo redio haikurekodi kitu. Tad akazuiwa kurusha ndege miezi saba. Noreen Tuckwell, mkuu wetu, akaamuru kuanzia hapo fundi akae garini pamoja na msomaji. Fundi huyo ni mimi, Pruitt.

Miezi saba hiyo ilimmaliza Tad. Mtoto wa mkulima wa majani ya ng'ombe, miaka hamsini na moja, mke alishaondoka, hajui kazi nyingine. Alikuwa anakuja karakana kila asubuhi, hana shughuli, anasimama tu akitukosoa. Tulimchoka. Mimi nilimwonea huruma, lakini nilimchoka.

Oktoba akapewa safari moja ya kupimwa. Akiivuruga, ni meza na makaratasi mpaka astaafu. Na msomaji wa siku hiyo ni nani? Lyle, maana wengine walikuwa safarini. Tad akaenda kulalamika. Noreen akamwambia kwamba hapa anayekataa sauti ya mwenzake harushi ndege. Basi akakubali. Desturi yetu ni rubani na msomaji wake kula pamoja nyama na mayai kabla ya safari. Asubuhi ile walikula wamepeana migongo.

Kwa saa saba nzima Tad akiwa juu, nilimchokoza Lyle. Nilimwambia uso kwa uso kwamba ni mwongo, na kwamba leo nitazisikia namba zake zote.

"Funga domo, Pruitt," akasema. "Kazi yako magurudumu."

Ndege ikaja, upepo ukiwa wa ubavuni. Lyle akakanyaga mafuta, tukawa nyuma ya mkia. Kumi. Nane. Tano. Niliangalia kwa macho yangu, na kila namba ilikuwa kweli. Tatu. Mbili. Ikakaa chini taratibu, kutua kuzuri kuliko kote nilikowahi kuona. Nikadhani Lyle ataachia kitufe cha redio. Hakuachia.

"Tad," akasema, "ile ya Machi ilikuwa yangu. Nilisoma mbili."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilichukua miezi saba. Nilimtazama, naye hakunitazama. Ofisini kwake Noreen alikuwa anasikiliza redio, kwa hiyo maneno yale hayakuwa na pa kurudi.

Ndege ikasimama, bawa la kushoto likalala. Nikaliinua, nikalifungia gurudumu la kulishikilia. Tad akateremka, akavuliwa helmeti, uso mwekundu kwa furaha. Lyle alikuwa amesimama pale, anangoja.

"Umeona, mwongo wewe?" Tad akamwambia. "Nimetua bila wewe."

Lyle akamuuliza kama hakusikia.

"Nisikie nini? Nilizima redio nikiwa futi mia. Sikutaka mdomo wako masikioni mwangu."

Noreen alikuwa ameshafika, yuko nyuma yake hatua mbili. Alikuja kumpa mkono. Mkono akaurudisha mfukoni.

"Ulizima redio, Tad?"

Angeweza kukana. Lyle alikana miezi saba na akala mshahara wake wote. Tad akageuka, akatuangalia sote, akasema ndiyo.

Noreen akamwambia kwamba dakika nne zilizopita jina lake lilisafishwa, ataandika hivyo hivyo kwenye taarifa. Akamwambia pia kwamba hatarusha ndege hapa tena. Hakupandisha sauti. Akaingia garini kwake akaondoka, na Lyle naye akaenda zake bila kuaga.

Tukabaki wawili. Tad akaniuliza Lyle alisema nini. Nikamwambia, neno kwa neno. Akaniomba nirudie, nikarudia.