Siku Wakwe Waliponikuta na Fimbo

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Niliruka kutoka kwenye lori pale soko la Bugarama, furushi la magauni mkononi, na shavu la mguu wa kulia likapasuka. Niliisikia sauti yake, ileile ya kitambaa fundi anapokichana kwa mikono. Nikakaa chini katikati ya wauza mchele, nikalia bila aibu.

Nilikuwa msichana wa Kamembe, fundi cherehani, na niache nijisifu kidogo, hakuna aliyenizidi kwa mshono ulionyooka. Muuguzi wa zahanati aliushika mguu akasema msuli umechanika, ila haukukatika wote. Mguu ukae juu ya mto, usikandwe wala kuchuliwa, na nitembee na fimbo mpaka aniambie vingine. Ningemtii mara moja, lakini Jumapili iliyofuata wakwe walikuwa wanakuja. Mama wa mchumba wangu Yusufu na shangazi yake walikuwa wanatoka Bugarama kuja kunitazama kwa mara ya kwanza, na kwetu binti anayetazamwa ndiye anayebeba sinia la chai.

Shangazi yangu aliisukuma fimbo chini ya kitanda. "Wakwe batasema tunabapa kilema," aliniambia. "Ni hatua chache tu, utajikaza."

Nilimpenda Yusufu, mwanangu, sitakudanganya. Niliogopa kumpoteza kwa ajili ya mguu. Basi asubuhi ya Jumapili nikawa najaribu kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni, huku nimeuma meno na machozi yananitoka.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Saidi, fundi aliyenifundisha kazi, ameniletea mtandio aliokuwa amenipindia. Akauliza nani amenituma kutembea. Nikamweleza. Mzee yule hakuwa na maneno matamu, Mungu amrehemu.

"Hadija, ukiacha fimbo leo, utaitembelea mpaka uzeeni," alisema. "Na kama banakuja kuchagua miguu, baende soko la ng'ombe."

Akainama na mgongo wake ule mbovu, akaitoa fimbo, akanipa. Shangazi alinuna, akaenda kupanga vikombe.

Wageni walipokaa sebuleni nikatoka na fimbo yangu, nikasalimia, nikakaa. Sinia alileta shangazi yangu. Kila mtu alikuwa anaangalia mguu wangu, mpaka shangazi yake Yusufu akauliza, "Huyu binti, mguu iko na nini?"

Nikaiweka fimbo magotini, nikamjibu. "Msuli umechanika, Maman, na unapona. Leo siwezi kubeba sinia. Arusi ikifika nitabeba mpaka masufuria."

Mama Yusufu akanigeukia. "Nilikuwa sokoni siku ile ulianguka," alisema taratibu. "Niliuliza jina yako. Leo nilikuja kuona kama mutanificha."

Kisha akachukua birika mkononi mwa shangazi yangu, akamimina chai, na kikombe cha kwanza akanipa mimi. Shangazi yangu aliinamisha macho, nami nikanywa ile chai kwa raha ambayo siwezi kukueleza.

Nilipona bila haraka. Mwanzoni nilikunja na kunyoosha kifundo cha mguu tu, nimekaa. Baadaye Mzee Saidi alinirudisha kwenye cherehani, nikanyage polepole, maumivu yakija nipumzike. Mwishowe nikaweza kunyanyuka kwa vidole vya mguu ule peke yake, na muuguzi akaniambia fimbo niwape wengine. Mpaka leo kilima cha Mibirizi nakipanda, na vijana wenu nawaacha nyuma wanahema.

Basi, mwanangu, ukiumia mguu na mechi inakungoja, au kazi, au watu wanaokuja kukutazama, sema wazi kwamba umeumia. Shika fimbo mbele yao. Msuli haujui kama una wageni, unataka siku zake tu. Anayekutaka atakungoja, na asiyeweza kungoja wiki chache mmiminie chai, anywe, aende zake. Usiinuke kabla ya wakati kwa sababu ya haya, wala usilale baada ya wakati kwa sababu ya woga. Mguu ukikuruhusu, simama na utembee.

Mungu akuponye, akurudishie nguvu zako zote, na akupe watu unaoweza kuwaambia kwamba unaumwa. Amina.