Mzee Aliyeuliza Unakwenda Kufanya Nini

Jumanne nipo sokoni Nyasubi, mdomo umejaa muwa, napigiwa simu kwamba yule mzee wa kaunta ya ndege ametutoka. Nyie wasomaji wangu mnanijua, chumvi naongeza hata kwenye chai, lakini hili siongezi: nilikaa juu ya gunia la mchele la watu, na mwenye gunia hakunifukuza.

Mzee alikuwa na sauti, jamani! Akiita abiria uwanjani, ng'ombe wa Bukombe wanapanga foleni. Kazi yake ilikuwa moja: ndege ikiharibika au isipokuja, awapange watu upya. Na kabla hajakupanga lazima akusalimie salamu yetu ya Kisukuma, ile inayoanzia kwako, inapita kwa watoto, inamalizikia zizini. Ndipo anauliza, "Unakwenda kufanya nini huko?" Wengi tulimwona mmbea. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Halafu kampuni ikaleta vitu vya kompyuta, eti vinaitwa mawakala. Wakala ninayemjua mimi ni wa pesa za simu, ana mwavuli na kiti cha plastiki, mkikosana mnafokeana mpaka mnaelewana. Hawa hawana hata uso wa kufokea. Ndege ikileta shida wanaongea wao kwa wao humo ndani, huyu anatafuta ndege nyingine, huyu anagawa viti, huyu anatuma ujumbe. Hujafunga zipu ya begi, umeshahamishwa. Wepesi wanao, sikatai. Ndiyo maana nawatilia shaka. Anayekuamulia haraka hivyo amekufikiria saa ngapi?

Siku moja nilikuwa pale uwanjani, nimemsindikiza shemeji. Ndege ya asubuhi ikaharibika, ya mchana ikabakiwa na viti vichache. Mawakala wakatuma ujumbe: atakayejibu kwanza ndiye anapata kiti. Kulikuwa na mnunuzi wa dhahabu kutoka Kalangalala, ana simu tatu. Huyo alijibu kabla hajaulizwa! Pembeni amekaa mama, amempakata mtoto mgonjwa wa moyo, kesho yake asubuhi mtoto anatakiwa apasuliwe Dar. Madaktari wakimkosa, anarudishwa mwisho wa foleni. Tiketi alikatiwa na kaka yake kwa simu ya kaka, na kaka yuko shimoni Bugarama, chini kabisa, mtandao haufiki. Ujumbe ukamtafuta kaka, ukamkosa. Basi mawakala wakaona mama hana haraka, wakamsogeza mpaka keshokutwa.

Mzee akafika kwake na salamu zake ndefu. "Mama Kulwa, watoto hawajambo? Unakwenda kufanya nini huko?" Mama akaeleza huku analia. Mzee akageukia kompyuta, akabonyeza, ikamkatalia. Akabonyeza tena, ikamkatalia tena. Akaiacha, akamfuata mnunuzi.

"Bosi, wewe unakwenda kufanya nini Dar?"

"Kuchukua gari langu, mzee. Limeshuka melini."

"Gari lina moyo?"

"Moyo? Lina injini!"

"Basi linaweza kungoja. Yule pale hawezi."

Bosi akamtazama mtoto, akazitazama simu zake tatu, akacheka kwa aibu. "Mzee, wewe ni mchawi. Mpe kiti changu." Mama akapiga magoti palepale, "Wabeja, wabeja sana." Mzee akamwinua, "Nyanyuka, mama, ndege haimsubiri anayeshukuru." Akaandika jina kwa kalamu kwenye karatasi ya abiria, akampigia rubani simu. Baadaye akapewa barua ya onyo, kwamba amevuruga mfumo. Nilimuuliza, hawa mawakala unawaonaje? Akasema, "Si wabaya. Hawajawahi kwenda msibani tu."

Jumatano tukamzika kijijini kwao. Mama Kulwa alikuwepo, na mtoto alikuwepo pia, anakimbiza kuku wa msibani mpaka anakemewa. Mtoto wa moyo, anakemewa kwa kukimbia! Na jeneza lilikuja juu ya gari moja jeupe, mwenye gari anaendesha mwenyewe, polepole kama amebeba mayai. Ni yule bosi wa Kalangalala. Ni gari lile lile lililongoja.

Watakuja kusema mashine sasa imefundishwa, inajua yote. Sawa, ilete. Lakini kabla haijanisogeza mimi au mwanangu hata kiti kimoja, kwanza inisalimie, halafu iniulize nakwenda kufanya nini. Na isubiri nimalize kujibu.