Ngozi Safi za Ng'ombe wa Abti

Nimekosa, ndugu msomaji, na sikukosea gizani. Nilikosea mchana kweupe, tai shingoni, kipaza sauti mkononi, na wageni wakanipigia makofi. Nani kama mimi!

Ilikuwa miaka ya tisini hapa Garissa. Nilikuwa katibu wa mpango uliokuja kutufundisha kutotupa kitu. Ngozi zilikuwa zinaoza nyuma ya machinjio, mafuta yanamwagwa, mifupa inaachiwa ndege korongo. Na huku malori yaliyopeleka mahindi ya msaada Wajir na Modogashe yanarudi Nairobi matupu. Basi tukawakalisha meza moja wachinjaji, wenye malori, kiwanda cha ngozi, watu wa sabuni na wasagaji wa chakula cha kuku. Wakanywa soda, wakaelewana. Kauli mbiu niliitunga mwenyewe: hakuna lori kurudi tupu! Mnaona akili hizo?

Tatizo lilikuwa moja tu. Kila ng'ombe wa huku ana chapa ya ukoo, tunaiita sumad, imechomwa kwa chuma cha moto ubavuni. Na ubavuni ndipo ngozi ilipo nzuri.

"Ona, katibu," aliniambia Mwangi, mpimaji wa kile kiwanda cha ngozi, akinyoosha kidole kwenye kovu. "Mnachoma viatu vya watu."

Mimi msomi nikapata dawa. Ng'ombe wasichomwe tena, wavishwe hereni za plastiki sikioni. Wafugaji niliowaeleza walicheka mpaka wakafuta machozi. Nikahitaji mfugaji wa mfano, mtu mmoja wa kuanza ili wengine waone aibu. Nikaenda kwa abti.

Abti ni kaka wa mama yangu. Kwa Kisomali mjomba na mpwa huitana abti wote wawili, neno lilelile. Baba alipofariki ndiye aliyenilea, akauza fahali wake nikasoma sekondari. Nilijua hawezi kunikatalia, ndiyo maana nilimwendea yeye.

"Abti, ng'ombe asiye na sumad ni wa nani?" aliniuliza.

"Wako, abti. Si ana hereni?"

"Na hereni ikianguka?"

"Haianguki. Imetoka Ulaya."

Wallahi nilisema hivyo. Imetoka Ulaya! Utadhani miiba ya huku inaogopa pasipoti. Abti alicheka, akasema mimi ndiye niliyesoma, na mitamba wake wakakua bila kuchomwa. Hereni zilidumu mpaka kichaka cha kwanza. Nilipoambiwa zimeanguka, nilisema nitaleta nyingine, kisha nikaenda semina.

Kisha ukaja ukame, na ulipopita abti alikuwa amebakiwa na mitamba hao tu. Ndio waliotarajiwa kuwa maziwa ya wajukuu na mahari ya mwanawe. Siku chache kabla ya sherehe ya kuzindua rasmi mpango wetu, wakaibwa malishoni upande wa Modogashe.

Maskini abti alizunguka visimani akiuliza. Kila aliyemuuliza alimjibu kwa swali: wana sumad gani? Akisema hawana, watu walitazamana. Utamtafutiaje mtu ng'ombe wasio na jina?

Mimi nikamtumia ujumbe aache kutafuta, aje Garissa upesi, maana yeye ndiye mfugaji wa mfano na kiti chake kiko mbele. Akaja! Aliacha kutafuta mali yake kwa ajili yangu, akalala kwangu mtaa wa Iftin.

Asubuhi ya sherehe nilitangulia machinjioni. Nilimkuta Mwangi anacheka peke yake.

"Katibu, kuja uone! Daraja la kwanza!"

Dalali mmoja alikuwa ameleta ng'ombe. Baadhi walikuwa wamechinjwa alfajiri, wengine wangali hai zizini nyuma ya ukuta. Ngozi zilikuwa safi, hazina hata kovu. Nikajua papo hapo. Wilaya nzima, nani mwingine alikuwa mjinga wa kumsikiliza mpwa wake?

Unadhani nilikimbia polisi? Aa, wapi! Nilisaidia kuzitundika mbele, mahali wageni watakapoziona vizuri. Nikajiambia abti nitamweleza baada ya chakula. Kwa nini kuharibu siku ya watu?

Wageni wakafika, Wazungu wawili wafadhili, na pembeni yao mkuu wa polisi, mtu wa bara asiyejua Kisomali hata salamu. Mkalimani, bila shaka, ni mimi. Hotuba zikapita, mfugaji wa mfano akaitwa aseme neno.

Abti alisimama na kikoi chake kipya na koti nililomwazima. Hakuja kwenye kipaza sauti. Alizipitia ngozi moja moja mpaka akafika kwenye nyeupe yenye baka jeusi begani. Akaweka kiganja pale.

"Adey," akasema taratibu. Ndilo lilikuwa jina la mtamba wake.

Kisha akageuka, akasema kwa Kisomali, "Hawa ni mitamba wangu walioibwa. Huyu nilimtoa tumboni mwa mama yake kwa mikono yangu. Abti, waambie."

Wenyeji wote walielewa, dalali akiwemo. Waliobaki walinigeukia mimi.

"Mzee anasemaje?" akauliza mkuu wa polisi.

Neno moja tu lilihitajika. Zizi lilikuwa hatua chache kutoka pale, na polisi wamekaa mbele yangu. Nikasafisha koo. Nikasema kwa Kiingereza kilichonyooka, nikarudia kwa Kiswahili: mzee anasema hajawahi kuona ngozi nzuri kama hizi, na anaushukuru sana mpango.

Makofi! Mzungu mmoja aliinuka akamshika abti mkono.

Abti alinitazama. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hicho nilichosema alikielewa chote. Aliuchomoa mkono wake kwa adabu, akatoka. Sikumfuata. Chakula kilikuwa kimeandaliwa.

Yaliyotokea nyuma ya ukuta nilisimuliwa. Dalali alikwishawapakia mitamba waliobaki kwenye lori. Lori letu, la mpango! Si tulisema lisirudi tupu? Abti alining'inia kwenye mlango wa nyuma akipiga kelele.

"Simama! Hii ng'ombe ni yangu!"

Dereva, mtu wa bara, akachungulia. "Mzee, chapa iko wapi?"

"Chaba hakuna! Lakini ni yangu, wallahi! Uliza katibu!"

"Katibu yuko wapi?"

Katibu alikuwa kwenye sinia la wali na nyama. Na nyama yenyewe, astaghfirullah, sikuuliza ilitoka kwa ng'ombe gani.

Nilipopata moyo wa kumwambia mkuu wa polisi ukweli, lori lilikwishavuka daraja la Tana. "Si ulisema anashukuru?" akaniuliza, akachukua kofia yake.

Wafadhili walipochoka walikwenda kwao, na mpango ukafa. Korongo wakarudishiwa mifupa yao. Abti hakurudi malishoni, angerudi kuchunga nini? Sasa anauza maji kwa mkokoteni wa punda mjini. Nilikwenda kumwomba msamaha, nikalia kama mtoto. Alisema amesamehe, na naamini amesamehe, maana hanung'uniki wala hajanisema vibaya kwa mtu.

Ila ananisemesha Kiswahili. Lugha ya kuongea na askari na madereva wa bara! Anasimamisha punda mlangoni kwangu, mimi namwita abti, naye anajibu, "Habari, katibu. Maji nataka mitungi ngabi leo?" Mke wangu huwa anaingia ndani ili asisikie.

Ewe uliyepewa kuwasemea watu wako, usisubiri wageni wamalize kula. Mtu wako akisema ameibiwa, sema ameibiwa, hata sherehe ivunjike na viti vibaki vitupu. Mimi niliinusuru sherehe. Hakuna anayeikumbuka leo, na aliyenilea amenifanya mgeni.